Chuo cha Miwani

Darasani walimwita Bi Ndiyo. Mwalimu akimwuliza jambo, ndiyo. Mwenzake akimwomba peni, ndiyo, na peni haitoki. Ungemwuliza kama yeye ni mbuzi angekubali vilevile, tena kwa tabasamu. Kwa kuwa alikuwa mrefu kama mlingoti, alikalishwa nyuma kabisa, na huko nyuma akaburuta mkia kidato cha kwanza, akauburuta na cha pili. Walimu hawakujisumbua kutafuta sababu. Msichana mzito, mvivu, asiyesikia la mkuu, basi guu na lisubiriwe livunjike.

Kumbe masikio ndiyo yaliyokuwa mabovu. Aligundua daktari mmoja mwanzoni mwa kidato cha tatu, msichana alipopelekwa kwa kikohozi tu, akampa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Shangazi yake, mshona nguo aliyemlea tangu utotoni, alimnunulia kitambaa cha kichwa siku hiyohiyo na kumwonya asimwambie mtu. Wakijua watamwita kiziwi, na jina la namna hiyo haling'oki. Basi msichana akajifunga kitambaa, akaomba dawati la mbele, alama zikapanda. Watu wakasema amepata akili ukubwani. Yeye akasema ndiyo.

Kifaa kile kilisaidia mtu mmoja akizungumza karibu, tena akiwa amemtazama. Watu wakiwa wengi kilimletea kelele tupu. Kwa hiyo wakati wa mapumziko, wenzake wakikaa makundi makundi, yeye alisimama penye ngazi na kitabu, akifungua kurasa asizozisoma. Alikuwa mpweke, na upweke wa katikati ya watu ni mbaya kuliko wa chumbani. Chumbani hakuna anayekungoja ucheke.

Ukafika wakati wa kuchagua vyuo. Mwalimu wa ushauri hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimweleza kwamba vyuo hutazama ripoti za miaka yote, na ile miwili ya mwanzo itamvuta shati popote atakapokwenda. Kile chuo kikuu alichokitamani shangazi yake ajaribu akitaka, huenda akapenya kwa tundu la sindano. Lakini asiache kuomba vyuo vinavyomfaa, na akamtajia kimoja cha ufundi wa miwani, kinachochukua wanafunzi wachache na kuwahoji mmoja mmoja.

Shangazi alikuwa amekwisha kuchagua zamani. Binti wa jirani alikuwa chuo kikuu, na jirani hakosi kulitaja jambo hilo hata akija kupunguza sketi. Shangazi na msichana wakaenda huko siku ya wageni. Ukumbi ulifurika watu. Mhadhiri alikuwa mbali, mdogo kama kidole, na sauti yake ikitoka kwenye vipaza sauti kila pembe ikawa uji mtupu. Watu wakacheka, Bi Ndiyo naye akacheka, amechelewa kidogo. Wakaandika, naye akaandika tarehe. Shangazi alitabasamu utadhani amepokewa yeye. Alipouliza kama pamempendeza, msichana akaitikia kwa kichwa, na njiani kurudi akageuzia uso dirishani ili asionekane analia. Aliiona mbele yake miaka mingine ya kucheka nyuma ya wenzake, na hakuwa na wa kumwambia.

Kesho yake alisema anataka kukiona na kile chuo kingine. Shangazi akaguna. Miwani? Mtu na akili zake anasomea miwani? Aliyasema hayo ametundika puani miwani yake iliyoshikizwa kwa uzi mweusi, na hakuona cha kuchekesha. Mwishowe alikubali kumsindikiza siku ya mahojiano, ili msichana ajionee mwenyewe na akome.

Chuo chenyewe kilikuwa karakana moja ndefu yenye meza za mbao, vijana wamevaa aproni wakinoa vioo. Mkufunzi, aliyekwisha kuzisoma ripoti zilizotumwa na shule, alikuwa amewapa mgongo, anamalizia kioo kwenye mashine. Aliwakaribisha kwa mkono, kisha akauliza kitu bila kugeuka. Msichana aliona kichwa chake kikitikisika tu. Mashine ilinguruma. Mkufunzi akatulia akingoja jibu, na vijana waliokuwa karibu wakainua macho.

Ndiyo ilikuwa tayari ulimini. Shangazi, aliyesimama penye dirisha, alimkazia macho aitoe upesi.

"Sikusikia, mwalimu," alisema msichana. "Masikio yangu ni mabovu. Naomba uzime mashine, unigeukie."

Kisha akafungua kitambaa. Shangazi akageuka akatazama nje.

Mkufunzi alizima mashine, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso naye. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza, kidato cha kwanza na cha pili ulipatwa na nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hilo. Walimu, majirani, hata wa nyumbani, kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Msichana akaeleza habari za dawati la nyuma, na midomo inayopotea mwalimu akielekea ubaoni, na kukubali kila kitu ili watu wamwache. Alizungumza mpaka maneno yakamwishia. Mkufunzi akamwambia hapo wanafundishana mezani, watu wakitazamana, na kwamba majibu yatatoka pamoja na ya wengine, ila yeye binafsi angefurahi kumwona tena. Msichana akasema chuo hiki ndicho atakachokiweka cha kwanza.

Shangazi, bado amewapa mgongo, akasema kitu.

"Sijakusikia, shangazi," alisema msichana. "Nigeukie."

Ilimchukua muda kugeuka. Macho yalikuwa mekundu. Aliwatazama wale vijana wa aproni, akamtazama mkufunzi, kisha binti wa kaka yake aliyesimama kichwa wazi.

"Nimesema unisamehe, mwanangu," akarudia, na safari hii karakana nzima ilisikia.