Uso wa Nasra Uliobaki Kiooni

Tuliondoka Likoni kwa sababu ya uso wa Nasra. Nasra ni binti wa shangazi yangu, Bi Mwanakombo. Aliolewa baada ya Idi, akahamia Malindi kwa mumewe. Usiku wa kupambwa kwake, kama ilivyo ada ya nyumba zetu, tulikuwa wanawake peke yetu. Buibui zilivuliwa, nywele zikaachwa wazi, na mlangoni palikaa kapu kubwa ambamo kila aliyeingia alitia simu yake, ili picha ya bibi harusi isiangukie macho yasiyohusika. Simu moja tu ilipita mlango ule, nayo ni ya shangazi. Ilikuwa mpya, imenunuliwa kwa ajili ya harusi, na mwenyewe anaaminika mtaa mzima.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia. Kwa kuogopa simu zote, tuliirundika siri yote ndani ya simu moja. Wiki zilizofuata, wanawake waliokosa usiku ule walikuja kutoa pongezi, na shangazi akawa anaiegemeza simu kwenye birika la kahawa, mwanga umetiwa hadi mwisho, picha ya Nasra imetulia mbele ya wageni kutwa nzima. Siku moja akaiondoa ile picha, lakini Nasra hakuondoka: alikuwa ameganda kiooni. Kila ukurasa mweupe ulipofunguka, alikuwa nyuma yake kama kivuli: asmini kichwani, mikufu shingoni, macho ya wanja, mdomo unaokaribia kucheka. Aliyemjua asingeshindwa kumtambua.

Shangazi huuza viungo vya pilau karibu na feri, na wateja wake wengi ni wanaume. Mtu akilipa kwa simu hutaka aoneshwe ujumbe umeingia. Shangazi akawa anaifunika simu kwa kiganja, anausoma ujumbe kwa sauti, na watu wakaanza kumshuku kwamba anawaficha kitu. Nasra alipopata habari alipiga simu akilia. "Mama, mume wangu akisikia niko sokoni kila siku, nitamwambia nini?"

"Waranti bado ipo," nilimwambia shangazi. "Kioo kikiwa na hitilafu watakibadilisha bure."

"Na hiki watakitia wapi?"

Mimi ni mtu asiyelala vizuri akiwa na swali lisilo na jibu.

Asubuhi tukavuka. Shangazi aliiviringa simu ndani ya leso, akaitia kwapani kama mtu aliyebeba mkate wa moto. Ndani ya feri kila mtu alikuwa ameinamia simu yake. Nilijikuta nikichungulia vioo vya watu: huyu ana ufa, yule ana mstari wa kijani uliosimama toka juu hadi chini, mwingine ana doa jeusi pembeni. Vyote hivyo, nikawaza, siku moja vitang'olewa na kwenda mahali. Mbona hatujawahi kupaona?

Changamwe tulifika kwa tuktuk, baada ya kubanwa muda mrefu kati ya malori ya makontena. Ofisi ya matengenezo iko ghorofani, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira mpya inapanda nawe ngazini. Ukutani pana bango lenye jani la kijani na maneno kwamba vifaa vya zamani hutupwa kwa njia salama. Chini ya bango walikaa madereva kadhaa wakisubiri simu zao. Nyuma ya kaunta alikuwa kijana wa bara, jina lake Wafula, na nyuma yake mlango uliofungwa wenye kidirisha kidogo cha kupitishia trei.

"Shikamoo, mama. Shida ni nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kioo kina kivuli."

"Hebu nione."

Shangazi hakumpa. Alimtazama, akawatazama madereva, kisha akaifungua leso kidogo, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Wafula akainama. Niliona nyusi zake zikipanda.

"Aisee. Huyu ni msee gani?"

"Si msee. Ni mwanangu."

"Pole, mama. Lakini hii ya picha kuganda waranti haikavagi, hailipii. Hiyo ni matumizi."

Nikaingilia. Nilimwambia simu ilikuwa na wiki chache tu kivuli kilipoanza, na kioo kizima hakigandi upesi namna ile. Wafula akaigeuza simu, akapitisha kidole kwenye kingo, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa na ufa wala mkwaruzo. Hapo sauti yake ikalainika ghafla.

"Sawa, ni ukweli, hiki ni kibovu toka kiwandani. Tutawabadilishia. Lakini kile cha zamani kinabaki na sisi. Ndiyo sheria."

Nililiweka jambo hilo akilini. Aliyetukatalia kwa maneno ya waranti amekubali baada ya kukuta kioo hakina ufa. Kwa nini?

"Sasa napiga picha ya hitilafu, naituma makao makuu," Wafula akasema, akainua simu yake.

Kiganja cha shangazi kilitua juu ya kioo kabla sijafumba jicho.

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya hitilafu, mama."

"Hitilafu ndiyo mwanangu."

Dereva mmoja akacheka. "Wafula, muoe tu yaishe!"

"Wewe ngoja simu yako," shangazi akamjibu bila kugeuka, "hukuja hapa kutafuta mchumba."

Wakabishana kwa muda. Wafula alisema bila picha hakuna kioo. Shangazi akasema na picha hakuna simu. Mwishowe alichukua pembe ya leso akaufunika uso wa Nasra, akaacha mikufu na ncha za asmini. "Piga hiyo."

"Mama, umeziba sehemu ya hitilafu."

"Makao makuu yenu yana haja na shingo au na uso?"

Picha ya mikufu ikatumwa, ikakubaliwa. Halafu Wafula akataka namba ya siri iandikwe kwenye karatasi ya kazi, ili fundi aweze kuijaribu simu. Nikamuuliza wapi kwenye waranti imeandikwa hivyo. Akapekua, akakohoa, akasema ni utaratibu tu. Tukakubaliana kwamba kioo kitabadilishwa simu ikiwa imezimwa, na shangazi mwenyewe ataiwasha hapo kaunta. Nilijiona nimeshinda. Trei ikapita kidirishani, mkono wa fundi ukaipokea, na kidirisha kikafungwa.

Simu ilirudi na kioo kipya, cheupe, hakina mtu ndani. Kile cha zamani kilikuja kwenye mfuko mdogo wa plastiki. Kabla Wafula hajakitia kwenye gunia la vilivyong'olewa, shangazi alichana ukanda kwenye leso yake, akaufunga mfuko kwa mafundo mawili.

"Gunia hili laenda wapi?"

"Yadi ya Kisauni. Linachukuliwa leo na bodaboda. Huko vitu vinaharibiwa poa, kwa mazingira."

"Twaweza kushuhudia?"

Wafula akacheka, kisha akaona hatucheki. "Hakuna kastoma ameshawahi kuniuliza hiyo. Wateja wakipata kipya wanaenda home."

Alitupa maelekezo shingo upande. Tukiwa ngazini nilimsikia akipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya chini. Nikamwambia shangazi. Akasema, "Nimesikia. Kaza mwendo."

Kisauni tuliingia baada ya adhuhuri. Yadi iko nyuma ya karakana ya useremala, uzio wake ni mabati ya kutu, na sikuona jani la kijani popote. Ndani palikuwa na vilima vya vifaa: kompyuta bila matumbo, redio, nyaya zilizofungwa mafungu. Betri za simu zilikuwa zimetengwa peke yake, zimefukiwa ndani ya ndoo ya mchanga mkavu. Vijana wa kiume walikuwa wamekaa juu ya makreti wakifungua skrubu. Mwenye yadi ni mtu mnene aitwaye Charo, kifua wazi, taulo shingoni. Alituangalia jinsi nilivyokuwa nikimwangalia.

"Karibuni, kina mama. Mwauza au mwanunua?"

"Twangoja," shangazi akasema, akaketi juu ya televisheni iliyokufa.

Hakutuuliza tena, na kutouliza kwake kulizidi kunitia shaka. Bodaboda ilipofika na gunia, Charo alimwaga vioo mezani, akatoa kibao kidogo chenye waya. Alichomeka kioo cha kwanza. Kikawaka cheupe, na ndani ya weupe ule niliona kivuli cha herufi za kuandikia, safu kwa safu. Cha pili kilikuwa na ramani ya barabara. Mwenye hicho nadhani alikuwa dereva. Cha tatu kilibaki na sehemu ya matokeo ya mpira, na vijana wakacheka wakabishana ilikuwa mechi gani. Kila kioo kilikuwa kimekula kile ambacho mwenyewe alikitazama sana. Vilivyowaka vikaenda sandukuni. Vilivyokataa vikatupwa kwenye kreti.

"Kwani hivi si vya kuharibiwa?" nikauliza.

"Kizima nani aharibu, dada? Hivi vyarudi kwa mafundi, vyafungwa simu nyingine. Kivuli kidogo mtu wa bei rahisi hajali. Hata huko ni kuyasaidia mazingira, ama vipi?"

"Na vya kretini?"

"Hivyo vimekufa. Lori lavibeba hadi bara, kwenye mashine ya kusaga."

Basi nikaelewa kulainika kwa sauti ya Wafula. Kioo cha shangazi kilikuwa hakina ufa. Kingefungwa kwenye simu ya mtu tusiyemjua, na mtu huyo, kila akisoma ujumbe, angesoma juu ya uso wa Nasra.

Charo akaushika mfuko wetu. "He! Hiki nani amekifunga kama zawadi?"

"Mimi," shangazi akasema, akasimama. "Usikiwashe. Wambie wanao wageuke."

"Kwani ndani mna jini?"

"Mna bibi harusi. Amepambwa."

Vicheko vikakatika. Hata mvulana aliyekuwa akigonga bisibisi aliacha. Charo akaufuta uso kwa taulo, akawaangalia vijana wake. "Hamkusikia? Geukeni!" Wakageuka. Lakini mfuko hakuuachia. "Mama, heshima yako naiona. Ila hiki nimeambiwa kwa simu kwamba ni kizima, cha daraja la kwanza. Nikikupa wewe, watasema nimekiuza kando."

"Sikitaki. Nataka uniambie tu: kikiwa kimekufa, chaenda kretini?"

"Kimekufa, chaenda."

"Nipe nikishike basi."

Nilidhani hatampa. Alimpa. Shangazi alifungua mafundo yake, akakiweka kioo kwenye ukingo wa meza, kifudifudi, akaegemea kwa viganja viwili na uzito wake wote. Kikalia kama gamba la kaa.

"Haya, kijaribu," akasema, anahema.

Charo alikichomeka akiwa amekigeuza upande wetu, hata yeye mwenyewe asikione. Weusi ukaenea kutoka kwenye ufa kama wino uliomwagika, mstari mmoja wa zambarau ukatetemeka pembeni, ukazimika. Hapakuwa na asmini, wala wanja. Nikamwambia hakiwaki. Akakichomoa, akakitupa kretini. "Kimekufa," akasema. "Angalia kidole, mama, vigae hivi vyakata." Akampa taulo lake ajifunge kidole.

Sikuridhika. Nilingoja mpaka kreti ikajaa na kufungwa kwa waya, na Charo akaniangalia akitikisa kichwa. "Dada, wewe ungekuwa forodhani, meli zisingeondoka."

Jioni tulirudi Likoni. Watu wengi walirudi nasi, wamechoka. Katikati ya maji shangazi alimpigia Nasra.

"Nimekuvunja, mwanangu," akamwambia.

Nilisikia Nasra akicheka na kulia kwa pamoja. Shangazi akamsimulia yote: kaunta, leso, ukingo wa meza, vijana waliogeuza migongo. Kisha akasikiliza. Akaiondoa simu sikioni, akanigeukia.

"Anauliza, aliyekibadilisha kioo ni nani."

Siku nzima nilikuwa nimempeleleza Wafula, nikamhesabia Charo kila pumzi, na Charo peke yake ndiye aliyefanya kazi yake mbele ya macho yetu. Nimejifunza kwamba waranti husema mengi kuhusu kioo kipya na haisemi neno kuhusu cha zamani, na kwamba kitu hakijatupwa mpaka umeona mkono wa mwisho uliokishika. Lakini fundi hubadilisha kioo, kisha hukijaribu kile cha zamani kama kingali kinawaka, ndipo yadi ipigiwe simu kwamba ni kizima. Yule aliyefanya hivyo alikuwa nyuma ya mlango niliouangalia bila kuuliza.

"Mwambie hatumjui," nikasema.

Shangazi akairudisha simu sikioni. "Hatumjui, mwanangu. Yeye amekuona. Sisi tulimwona mkono tu."