Duara Lililobaki

Mzee Mayala alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Isaka kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakukubali kuandika kwamba mzigo umepotea. Gunia likikosekana aliandika "halijafika." Wakubwa wakimgombeza aliwajibu kwamba kupotea ni neno la mtu aliyechoka kutafuta. Kuna gunia moja lilitokea kweli, baada ya miezi mitano, limeoza kwenye kona ya behewa, na Mzee Mayala akatembea kifua mbele wiki nzima kana kwamba amelizaa yeye. Mkewe, Melania, alimcheka sana kwa ukaidi huo. Hakujua kwamba siku moja ungewafuata mpaka nyumbani.

Sasa wote wawili wamestaafu. Wastaafu wengine huota jua barazani wakilalamikia magoti. Hawa magoti yanawauma vilevile, ila kutulia hawajui. Melania, aliyekuwa mhudumu wa zahanati, bado huenda kila Jumanne kupima uzito wa watoto bila kulipwa hata senti, na kuwasema kina mama wanaochelewesha chanjo. Mzee hukarabati madawati ya shule kwa nyundo yake mwenyewe. Desemba ikifika na shule zikafungwa, wanamwachia jirani kuku wao, wanafunga mlango na kuwafuata watoto walipo. Wiki mbili hukaa Ushetu kwa Klara, binti yao mkubwa anayelima tumbaku, halafu Krismasi wanakwenda Runzewe kwa Vumilia, mke wa Edson.

Edson ndiye alikuwa kitinda mimba wao. Miaka minne iliyopita, wakati wa masika, duara alilokuwa akichimba dhahabu nje ya kijiji lilititia. Duara ndilo jina ambalo wachimbaji wanalipa shimo lao, refu kama kisima, limeegemezwa magogo ambayo mvua ikizidi hayamsaidii mtu. Wenzake watatu walitolewa wakiwa hai. Edson hakutolewa. Watu walichimba siku tisa huku udongo ukiwaporomokea waokoaji wenyewe, na siku ya kumi wakaweka mabeleshi chini. Mwenye duara alikwishatoroka zamani.

Wazee walipomjia Mayala wakitaka msiba uwekwe, aliwatazama kama watu waliokosea nyumba.

"Msiba wa nani?" aliwauliza. "Mmeuona mwili? Edson hajafika."

Basi ikawa hivyo. Hakukuwa na matanga, wala hakuna aliyenyolewa nywele. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na hapa mfiwa mwenyewe alikatazwa kuanza. Melania akameza kilio chake kizimakizima. Kuna Jumanne nyingine, akimweka mtoto wa watu kwenye mizani, kilikuwa kinapanda mpaka kooni, naye anajifanya anakohoa.

Mwaka uliofuata ng'ombe wawili walitumbukia katika maduara yaliyotelekezwa kijijini hapo, na baada yao mtoto mmoja wa jirani, aliyevunjika miguu yote miwili. Mwenyekiti wa kitongoji, Eustace, akaitisha kazi ya kujitolea: kila Desemba, watu wakiwa nyumbani kwa sikukuu, mashimo yafukiwe. Wa kwanza kushika beleshi alikuwa Mzee Mayala, mgeni kutoka Isaka. Hata Jashvant, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kahama, alisikia habari zake akawa anawaazima matoroli sita kila mwaka. Maduara yalikuwa ishirini na moja. Kila walipolikaribia lile lililo nyuma ya kichuguu, Mzee alisema, "Hilo tuliache kwanza," na kwa heshima wakaliacha, wakaenda kwingine. Mpaka Desemba hii, ishirini yalikwishafukiwa na lile moja limekaa wazi peke yake.

Tarehe ishirini na nne, saa kumi alasiri, Eustace alikuja nyumbani kwa Vumilia. Alivua kofia. Melania alipoiona ile kofia mkononi akajua amekuja kusema nini.

"Shikamoo Mzee Mayala. Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mzee, mwaka huu halipo lingine. Mvua ni hizi mnaziona, na ukingo unameguka kila siku. Vijana wako tayari keshokutwa. Lakini mimi siwezi kuwaambia waanze bila neno lako."

"Unataka nimfukie mwanangu kwa mkono wangu, Eustace?"

"Sijasema hivyo, mzee."

"Umesema. Leta senyenge, nitazungushia. Nitainunua mimi hiyo senyenge. Lakini lile haliguswi."

Eustace alimgeukia Melania. Hapo ndipo mwanamke yule angeweza kusema. Alikuwa amejiapiza kwa Klara, wakiwa wanapalilia tumbaku, kwamba mwaka huu atasema: Baba Klara, mwanetu amekufa, tumlilie. Maneno alikuwa nayo mdomoni. Akayameza, akamuuliza mwenyekiti kama atakunywa chai.

Aliogopa, huo ndio ukweli. Aliona kwamba atakayelitamka la kufa ndiye atakayekuwa amemuua Edson.

Baadaye Vumilia alimfuata jikoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na kwa miaka minne si mke wa mtu wala si mjane. "Mama," alisema huku akikuna nazi aliyoinunua kwa ajili ya wali wa sikukuu, "Marselino fundi cherehani ameniuliza mara mbili. Nimemwambia asubiri. Sasa mimi nakuuliza wewe, mama yangu, asubiri nini?"

Melania alipokea mbuzi ya kukunia nazi akaendelea kukuna yeye.

Aliyekuwa na amani nyumbani humo ni Lusia tu, binti wa Edson, mwenye miaka sita. Baba yake alimwacha na miaka miwili, kwa hiyo baba aliyemjua ni yule wa babu. Kila Desemba, siku ya kufika, Mzee Mayala alimshika mkono wakaenda mpaka nyuma ya kichuguu, wakasimama hatua kumi kutoka kwenye duara. "Baba yako yuko kazini huko chini," alimwambia. "Mtoto mwenye adabu hampiti mzazi wake bila kumwamkia." Akamfundisha kupiga magoti kama wasichana wa Kisukuma wanavyofundishwa, mikono mapajani, macho chini. Lusia aliamkia kwa sauti nyembamba: "Shikamoo baba!" Na nyuma ya mgongo wake, kwa sauti nzito ya kuigiza, Mzee aliitikia: "Marahaba mwanangu." Mtoto aliruka kwa furaha njia nzima ya kurudi. Melania aliwahi kuwashuhudia, akalia machozi bila sauti, akajiambia hakuna ubaya. Tunajua sote walivyosema wazee: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini nani anaukumbuka msemo huo akimwona mjukuu wake anaruka?

Usiku mvua ilinyesha, ikakatika alfajiri. Krismasi walikwenda kanisani, Lusia kavaa gauni la njano ambalo bibi alimletea kutoka Kahama. Waliporudi, Vumilia aliinjika sufuria, Melania akachambua mchele, Mzee akalala kidogo kitini. Wali ulipoiva wakamwita mtoto, na mtoto hakuitika.

Hawakuulizana. Mzee alishika fimbo yake, Melania akamfuata bila viatu. Njia ilikuwa tope tupu, na ndani ya tope zilionekana alama ndogo za ndala, zimenyooka bila kusita mahali.

Walimwona walipokipita kichuguu. Hakuwa hatua kumi. Alikuwa ukingoni kabisa, amepiga magoti juu ya udongo uliolowa, mikono mapajani kama alivyofundishwa, na gauni jipya amelikunja vizuri lisichafuke.

"Shikamoo baba!"

Alinyamaza, akasikiliza. Halafu akasogea mbele kidogo kwa magoti, akainamisha kichwa juu ya shimo.

"Baba! Shikamoo! Nimekuja kukuonesha gauni!"

Vipande vya udongo vilidondoka ndani. Havikusikika vikifika chini. Melania alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo kwa kanga, maana mtoto akishtuka amekwenda. Alimwona mumewe amesimama palepale, na mguu wake mmoja umeinuliwa haujui pa kukanyaga. Lusia alisogea tena. Alikuwa anamfuata baba yake asikie vizuri.

Hapo Mzee Mayala akaitikia. Kwa ile sauti nzito.

"Marahaba mwanangu."

Mtoto aligeuka. Alimwona babu yake, mdomo bado wazi. Alimtazama kwa muda, kisha akalitazama shimo, kisha akamrudia babu.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Njoo. Njoo kwa babu, polepole, utambae."

Alitambaa. Melania alimdaka kwa mikono miwili akaanguka naye nyuma kwenye nyasi, na pale magoti ya mtoto yalipokuwa, kipande cha ukingo kipana kama mkeka kikajiachia kikaenda zake.

Hakuna aliyekula wali ule. Mzee Mayala alikaa chini kwenye nyasi zilezile mpaka nguo zikamlowa, na Melania akakaa naye, mtoto amelala mapajani. Sasa alisema, kwa sababu aliona amekwishanyamaza vya kutosha, na ukimya wake ulikuwa umetaka kuchukua mtoto wa pili.

"Baba Klara. Mwanetu amekufa."

Alitegemea amkaripie. Mzee alikubali kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokiandika mwenyewe.

"Nilijua tangu siku ya tisa," alisema. "Nilidhani nikilitamka, nitakuwa nimechoka kumtafuta."

"Hukuchoka. Nani atasema ulichoka?"

"Mimi nilikuwa nataka aitikie, Mama Klara. Basi tu."

Kesho yake vijana walikuja na yale matoroli sita. Eustace alikuja na kofia mkononi. Kabla toroli la kwanza halijamwagwa, Mzee Mayala alichota udongo kwa kiganja, akasimama mbali kidogo na ukingo huku vijana wawili wamemshika mikono, akaurusha. Kisha Melania akarusha wake. Vumilia alirusha, akakaa chini hapohapo akajifunika kanga usoni. Lusia naye walimpa udongo kidogo, akaurusha bila kuuliza.

Ilichukua kutwa nzima. Jashvant alifika mchana na kreti za soda, akaambiwa duara la mwisho lina nini ndani, akaziacha soda garini, akakunja suruali na kusukuma toroli kama wengine. Jua lilipoanza kulegea shimo lilikuwa limejaa, wakalishindilia kwa miguu na kwa magogo, mpaka pakawa mahali pa kawaida, pekundu, ambapo mbuzi angepita.

Mzee Mayala aliwageukia watu. Alikuwa na tope mpaka kifuani.

"Mwanangu Edson amekufa," alisema. "Niliwazuia kumlilia miaka minne. Nawaomba radhi. Mlilieni."

Hakuna aliyethubutu kutangulia. Kilio kilikuwa cha Melania. Aliweka mikono kichwani, akafungua kinywa, na kile alichokimeza miaka minne kikatoka chote kwa pamoja: "Ng'wana wane! Mwanangu wee!" Wanawake wa kitongoji wakamdaka wakaingia naye, Vumilia akasikika juu ya wote. Wengine walikwishaondoka kwenda kuchukua kuni na unga, kwa sababu majirani wa Usukumani hawaendi msibani mikono mitupu, na msiba huu ulikuwa umechelewa kupewa haki yake.

Katikati ya vilio hivyo Lusia alisimama kando na gauni lake la njano, limefuliwa likatakata isipokuwa magotini. Alimvuta babu yake shati.

"Babu, yeye hataitikia?"

"Hataitikia."

"Hata nikipiga kelele sana?"

"Hata ukipiga kelele sana, mama. Amekufa. Babu alikudanganya."

"Sasa shikamoo yake nimpe nani?"

Mzee Mayala alimwinamia mjukuu wake.

"Nipe mimi," alisema.

Lusia alipiga magoti juu ya udongo mpya, mikono mapajani, macho chini.

"Shikamoo babu."

Na mzee, aliyekuwa ameiigiza sauti ya mwanawe kila Desemba, alimjibu kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, iliyozeeka.

"Marahaba," alisema, na ndipo naye akaanza kulia.