Mraba Nilioufuta Karibu na Kibakwe

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya hofu. Milima ya Kibakwe sikuwahi kuiona, na siku nyingine ningeifuata kwa udadisi tu, lakini safari hii haikuwa hivyo.

Msimu ule nilikuwa nauza chai na maandazi Chimwaga, karibu na mabweni ya chuo. Nimeishia darasa la sita, nimekaa miji mingi, na kitu kipya nikikiona lazima nikiguse. Neema, mwanafunzi aliyekuwa akinywa chai kwangu, alinionyesha namna ya kujitolea bila kunyanyuka kwenye benchi. Shirika moja la msaada, alilokuwa akilifanyia kazi za muda, lilikuwa na picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, zimekatwa miraba. Unafungua mraba kwenye programu ya simu, unatafuta mapaa. Ukiona paa, unaweka nukta. Usipoona, unabonyeza "Hakuna watu", na mraba unafutwa kwenye orodha. Kila nukta ilipewa namba, na mtu wa shirika alizifuata namba hizo nyumba kwa nyumba kukagua mahindi. Mwaka huo mahindi mengi yalikuwa yameingia sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini. Yaliyokutwa mabovu yalichukuliwa, mwenye nyumba akaletewa mengine kwa lori.

"Kaka, una kasi kuliko sisi wenye vitabu," Neema aliniambia.

Nilifurahi, nikaongeza kasi.

Kisha ujumbe ukaingia kwenye kundi letu la wanaojitolea. Mtoto amefariki upande wa Kibakwe kwa kula mahindi mabovu. Nyumba yao haikuwa na nukta, kwa sababu ilikuwa tembe. Niliusoma nimesimama, nikakaa. Nimelala kwenye matembe mara nyingi katika kuzunguka kwangu. Paa lake ni bapa, la udongo, majani huota juu yake. Ukilitazama kutoka angani ni kipande cha shamba. Na upande ule wa Kibakwe nilikuwa nimefuta miraba mingi.

Asubuhi ya pili nilipanda basi la Mpwapwa. Njia nzima niliangalia simu. Programu ile ilinionyesha mraba wa mwisho tu niliofuta upande huo. Ya kabla yake haikurudi. Nikaamua niufuate huo huo mmoja.

Saa nane mchana nilikuwa Kibakwe. Nilimwonyesha kijana wa bodaboda mahali penyewe kwenye ramani.

"Huko ni kwa Mzee Ndahani," alisema.

"Kuna watu?"

"Wamejaa. Kwani nani kasema hawapo?"

"Simu."

"Basi panda, ukawaambie wenyewe."

Pikipiki iliishia kwenye korongo. Nilipanda kilima kwa miguu, na nyumba sikuiona mpaka nilipobakiza hatua chache kuifikia. Nilichoona kwanza ni moshi ukitoka ardhini.

Mzee Ndahani aliipokea shikamoo yangu, akanipa kigoda. Mkwewe, Mama Yusta, akaleta ugali na mlenda kabla hata sijasema nimefuata nini. Nilinawa, nikamega tonge, likabaki mkononi.

"Mgeni anaogopa chakula chetu," alisema mzee.

Nikawaeleza yote. Mama Yusta alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwa hiyo ulikaa Dodoma, ukatutazama?"

"Ndiyo, mama."

"Ukaona nini?"

"Shamba."

Mzee alicheka kidogo. Yeye mama hakucheka. Aliingia ndani akatoka amemshika bintiye, Yusta, ambaye alikuwa anatapika siku ya tatu. Walidhani ni malaria. Nilipomtazama macho, yalikuwa ya njano, nikasema twende hospitali sasa hivi.

Tulimbeba kwa zamu hadi korongoni, bodaboda iliyokuwa ikinisubiri ikatushusha kituo cha afya jioni. Daktari alimlaza, akatuambia ini limeumia, na kwamba kesho tungekuwa tumechelewa. Alituambia pia mahindi ya nyumbani yamwagwe yote.

"Tukiyamwaga, wale waliobaki watakula nini?" Mama Yusta aliuliza, akinitazama mimi.

Nikafungua simu palepale, nikaweka nukta juu ya nyumba yake. Hazikupita dakika nyingi nukta ikaondolewa. Maelezo yalisema: paa halionekani. Nikampigia Neema.

"Anayehakiki yuko nje ya nchi," alisema. "Anaona picha ileile uliyoiona wewe."

"Sasa?"

Nilimsikia akifungua daftari.

"Nitajie jina la huyo mzee. Nitamwomba dereva wa lori ashushe bila namba. Wakitaka kunitoa kwenye kazi yao, wanitoe."

Siku ya tatu magunia mawili ya mahindi yalifika kwa mzee, na Mama Yusta akaja kutoka kituoni akisema Yusta ameomba uji. Nilikuwa nafunga mkoba nirudi zangu Dodoma, Mama Yusta akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Dada yangu anakaa bonde la pili. Tembe kama letu. Naye ulimfuta?"

"Sikumbuki, mama."

Ndiyo kweli yenyewe. Miraba yote ilifanana, na niliibonyeza huku nikimimina chai. Mzee Ndahani alikuwa ameshachukua fimbo yake. Tulishuka bondeni, yeye mbele, na kila alipozidisha mwendo nami nilizidi kuogopa. Tulimkuta yule dada uani, mzima, anapepeta mahindi. Alituuliza tumekuja kumpa habari ya msiba gani, maana hajawahi kumwona mzee akikimbia. Mzee alichota mahindi kwenye ungo wake, akayanusa, akayamwaga chini.

Nimerudi Chimwaga, na wenye matembe hayo mawili wanakula mahindi ya lori. Nilichojifunza ni kwamba kutoona mtu na kujua kwamba hayupo ni mambo mawili, nami nilikuwa nimeyafanya jambo moja kwa kidole gumba. Bado nafungua miraba. Nisipoona paa nataka kuandika "sijui", lakini programu haina pa kuandika hivyo, kwa hiyo nauacha mraba wazi. Kila asubuhi simu inanikumbusha kwa maandishi mekundu kwamba sijamaliza kazi.