Antivairasi Iliyokataa Kuwaka Kwenye Laptopu ya Mdogo Wangu

Mshale ulikuwa unatembea kwenye skrini, na hakuna mtu aliyekuwa ameigusa ile laptopu.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani. Mdogo wangu alikuwa chumbani anakunja nguo zake kwa hasira. Mume wake alikuwa mlangoni, mikono mitupu, simu yake ninayo mimi.

Mshale ukapita katikati ya skrini taratibu, kama mtu anayenyata asiamshe wenye nyumba.

Ngoja niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi ni fundi kompyuta. Nina kiduka changu. Watu wakishajua wewe ni fundi wanadhani unatengeneza chochote chenye waya. Nimeshaletewa hadi pasi. Mdogo wangu anachora ramani za nyumba, anafanyia kazi kwake, mezani pale sebuleni. Shemeji yangu ni fundi wa lifti. Wanakaa ghorofa ya nne kwenye jengo ambalo lifti yake ni mbovu tangu wahamie, na kila mgeni akifika anahema lazima amtanie shemeji kwa hilo.

Mwaka jana walipoteza mtoto. Alizaliwa kabla ya wakati, hakuimaliza siku.

Sitasema zaidi ya hapo. Ila tangu siku ile, familia nzima tulimbeba mdogo wangu kama yai. Tulimpikia, tulimfulia, tulipeana zamu za kukaa naye.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi akanipigia.

"Dada, hii antivairasi imechizi."

Akanieleza kwamba ilijisasisha yenyewe, halafu ikageuka nyekundu ikidai ulinzi umezimwa. Akibonyeza kuwasha, inakataa. Kuna mtu mtandaoni alishauri aifute aiweke upya. Kaifuta, kaiweka, na sasa hata kumaliza kujiweka haimalizi. Na ana ramani ya mteja inasubiriwa.

Nikacheka. Nikamwambia abandike chai, nakuja.

Nikaanza na yale ya kawaida. Saa na tarehe kwanza, maana kompyuta yenye tarehe mbovu haielewani na antivairasi yoyote. Ziko sawa. Nikaizima, nikaiwasha. Wapi.

Nikashusha kile kiprogramu cha kusafisha mabaki. Antivairasi ukiifuta kienyeji inaacha vipande vyake humo ndani, na vile vipande vinaizuia mpya isikae. Nikasafisha, nikawasha upya, nikaiweka tena.

Safari hii ikafika mwisho. Ikawa kijani. Mdogo wangu akapiga makofi.

Kabla hajashusha mikono, ikarudi nyekundu.

Nikarudia. Kijani. Nyekundu.

Hapo nikavuta kiti vizuri.

Antivairasi iliyoharibika haiwaki kabisa. Hii ilikuwa inawaka, halafu kuna kitu kinaizima. Kitu kilichomo humo humo ndani.

Nikafungua kumbukumbu za kompyuta yenyewe, nikasoma mstari kwa mstari huku chai ikipoa. Kumbe toleo la zamani la antivairasi lilikuwa limeamriwa na mtu: folda hii usiiguse. Toleo jipya lilipoingia asubuhi, amri ile halikuijua. Likaikagua folda, likakuta programu ya hatari, likataka kuiondoa. Na ile programu haikukubali kuondoka. Kila mlinzi akiamka, inamlaza.

Virusi havijui kuomba ruhusa. Hii ilikaribishwa. Kuna mtu alikaa kwenye kiti kile nilichokalia mimi, akaiwekea njia.

Nikaifungua folda.

Zilikuwa picha. Picha za skrini ya mdogo wangu, siku baada ya siku. Ramani zake. Barua zake kwa wateja. Maongezi yetu mimi na yeye tukimsema shangazi. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akainama karibu na skrini.

"Nani mwingine anatumia hii kompyuta?" nikamuuliza.

"Mume wangu tu."

Akakaa chini. Akaanza kunisimulia kwa sauti ndogo. Kuna wakati alitafuta chumba cha kupanga mtandaoni, alitaka kimoja kidogo cha kufanyia ofisi. Hakumwambia mtu. Jioni ile ile mumewe akarudi akamuuliza, kwa upole sana, kama ana mpango wa kuhama. Alidhani labda amebahatisha tu.

"Kumbe ananichungulia," akasema.

Akanyanyuka, akaingia chumbani. Nikasikia begi likiburutwa kutoka uvunguni.

Sikumzuia. Kusema kweli mimi ndiye nilikuwa nachemka zaidi. Hasira zikanisahaulisha jambo ambalo fundi yeyote angelifanya kwanza, kukata intaneti. Nikampigia shemeji kazini, nikamwambia aje nyumbani sasa hivi.

Akaja na ovaroli lake la kazi, lina grisi mpaka kwenye kola. Nikamwonyesha skrini. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Akasema hajui chochote. Akatoa simu yake, akanipa niikague mwenyewe.

Halafu akaliona begi kitandani.

"Anaondoka?" akaniuliza.

Nikaenda dirishani na simu yake.

Na ndipo mshale ulipoanza kutembea.

Nilimtazama shemeji, nikatazama simu mkononi mwangu, nikatazama laptopu. Mshale ulikwenda moja kwa moja kwenye ile folda. Ukazichagua picha zote. Juu ya skrini, pembeni ya kamera, kitaa kidogo cha kijani kilikuwa kimewaka.

Mtu alikuwa anatuona. Pengine na kutusikia. Na alikuwa anataka kufuta ushahidi mbele ya macho yetu.

Nikaruka. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika: WEWE NI NANI

Mshale ukasimama.

Shemeji alikuwa ameganda pale mlangoni. Mdogo wangu alitoka chumbani na blauzi mkononi.

Zikaanza kuja herufi. Moja. Kimya kirefu. Nyingine. Kama mtu anayeisaka kila herufi kwa kidole kimoja.

*kifungo usiondoke*

Blauzi ikamponyoka.

Duniani kuna mtu mmoja tu anayemwita mdogo wangu Kifungo. Utotoni alimeza kifungo cha shati la baba, na baba hajawahi kumwita jina lingine tangu hapo.

Herufi zikaendelea.

*mumeo hana kosa. nakuja*

Baba yetu ni fundi mstaafu wa simu za mezani. Anaishi mtaa wa nyuma tu ya pale. Tulimsikia kabla hajafika, akipumzika kila ghorofa. Akaingia na kandambili za bafuni, akakaa ukingoni mwa kochi.

Halafu akatueleza. Baada ya ule msiba, siku ya zamu yake ya kukaa na mdogo wangu, aliiazima laptopu atazame mechi. Alipoanza kuandika jina la timu, kompyuta ikamletea yale ambayo mtu mwingine aliwahi kuyatafuta humo. Yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kufa.

Alizima. Mechi hakuitazama. Akaenda kwa fundi wa mbali ili mimi nisijue, akafundishwa kuitumia ile programu kutoka kwenye simu yake, akarudi akaiweka mwanawe akiwa amelala.

"Kila asubuhi nikiona skrini yako imewaka, najua umeamka salama," akamwambia mdogo wangu. "Hapo ndipo nakunywa chai."

Alipoona anatafuta chumba, aliogopa atakwenda kukaa peke yake. Akampigia shemeji, akamwomba amuulize mkewe taratibu. Hakumwambia amejuaje.

Mdogo wangu aliiokota blauzi yake, akaifumbata kwa nguvu. Sijui kama ni hasira au ni nini.

"Kwa nini hukuniuliza, baba?"

"Niliogopa jibu."

Mdogo wangu akamtazama sana. Halafu akasema, polepole:

"Mimi sijawahi kutafuta maneno hayo."

"Mwanangu, niliyaona kwa macho yangu."

"Nakuamini uliyaona. Ila si mimi."

Ile laptopu ilikuwa ikitumiwa na watu wawili.

Tukageuka, mmoja baada ya mwingine. Shemeji alikuwa bado kasimama mlangoni na ovaroli lake. Tangu afike, hakuna aliyekuwa amemkaribisha akae kwenye nyumba yake mwenyewe. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Ni mimi," akasema.

Alizungumza kidogo tu, na mimi nitasema kidogo kuliko yeye. Alisema mtoto alipofariki, kila aliyepiga simu alimuuliza mkewe anaendeleaje. Naye alijibu anaendelea vizuri. Walimwambia ajikaze, amlinde mkewe. Akajikaza. Wiki iliyofuata alikuwa kazini.

"Kuna siku nilikuwa juu kabisa, ndani ya shimo la lifti," akasema, "nikasahau kwa nini nishuke."

Mimi niliyekuwa nimemtukana muda si mrefu nilitamani sakafu inimeze.

Mdogo wangu alimfuata pale mlangoni. Alimshika ovaroli kifuani, na grisi yake yote, akaweka uso wake hapo, na shemeji akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Baba akanyanyuka. Akamshika mkwe wake mkono, akamkalisha kwenye kochi. Halafu yule mzee akapiga magoti, na magoti yake si mazima, akaanza kumfungua kamba za buti za kazi.

Shemeji alitaka kumzuia. Baba akamwambia, "Niache, mwanangu. Nimechelewa sana."

Nikaenda jikoni kubandika chai nyingine, maana sikuwa na pa kuweka macho yangu.

Shemeji hajarudi kwenye mashimo ya lifti. Bosi wake alimpa kazi ya karakana, ya chini, na anamwona mshauri hospitalini. Kuna siku nzuri na kuna siku mbaya. Siku mbaya siku hizi anazisema.

Baba hakusamehewa haraka hivyo. Mdogo wangu alimkalisha mezani akaiondoe ile programu mwenyewe, kwa kidole chake kimoja, sote tukitazama. Antivairasi ikawaka ikabaki imewaka. Halafu akamwambia aende nyumbani, na kwa kipindi kirefu hakupokea simu zake. Sikumlaumu. Mtu kukusomea maisha yako mwaka mzima, hata kwa mapenzi, si jambo dogo.

Mimi nilimwomba shemeji radhi. Akaniambia nilikuwa sahihi kuhusu jambo moja, kwamba humo ndani mlikuwa na kitu kinazima kila kinachowaka. Sikujua nicheke au nilie.

Nimeandika haya kwa sababu baba yangu si mtu mbaya. Aliangalia kila siku, kwa hofu, kwa upendo, na mtu tuliyekuwa tunampoteza alikuwa anapita pembeni ya ile skrini kila asubuhi akienda kazini. Kuangalia si kuuliza. Ukimhofia mtu, muulize kwa mdomo wako, halafu kaa usikie jibu, hata kama linatisha.

Na kama kuna mtu ambaye kila ukimpigia unamuuliza habari za mwenzake, mpigie leo. Muulize zake.