Mikorosho Kumi na Mmoja ya Shangazi Biasha

Mfaume wa kijiji cha Masaki hakuwa na jembe, na sisi wenzake wa Kisarawe tulimcheka kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kununua maua. Mikorosho ikichanua alipita kwa wenye shida, maana kodi ya kichwa haingoji korosho zikomae. Alilipa papo hapo kwa mavuno ya miezi mitatu mbele, kisha akafunga kipande cha kaniki, kitambaa cheusi, shinani ili kila mtu ajue mti ule umekwisha nunuliwa. Maua yakiungua, hasara yake. Bei ikipanda Dar es Salaam, faida yake. Shehe alikemea kila mwaka kwamba tunda huuzwa likishaonekana, na waliomwitikia walitoka msikitini wakaenda kumtafuta Mfaume.

Msidhani alikuwa na raha. Wingu likitanda tu, aliacha chakula akaenda kukagua maua, maana mvua huyaharibu. Mwaka mmoja mkewe Swaumu alivaa kanga mpya, mwaka wa pili zikauzwa. Swaumu alizoea kusema kwamba hakuolewa na mwanamume, aliolewa na bei.

Bei yenyewe Mfaume aliifuata Visiga, kwenye barabara ya malori, kwa baiskeli, akawanunulia kahawa madereva wa malori na kuwadadisi. Mwaka wa hamsini na mbili, dereva mmoja alimwambia korosho zimepanda maradufu. Mfaume hakumaliza kikombe chake. Alikanyaga baiskeli hadi Masaki ili aiwahi habari ile isimtangulie, na mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa shangazi yake Biasha.

Biasha ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa mikorosho kumi na mmoja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umetota jasho hivyo?"

Alimpa maji na mhogo wa kuchemsha. Mfaume alikula, akapangusa mdomo, akasema, "Bei imeanguka mwaka huu. Wengine nawapa shilingi moja na nusu kwa mti. Wewe nitakupa mbili, kwa kuwa ni wewe."

Mwaka uliotangulia alimpa tatu. Biasha alimtazama kidogo, akasema, "Haya, mwanangu. Funga vitambaa vyako." Kisha akamwombea dua ya riziki.

Dua ile ndiyo iliyomtesa. Mavuno yalikuwa mazuri, Mfaume akaezeka nyumba kwa bati, na kila mvua iliponyesha juu ya bati lile aliona aibu. Alianza kuzunguka nyuma ya msikiti ili asipite mlangoni kwa shangazi. Swaumu alimwuliza kama anaumwa. Kweli aliumwa, lakini si ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Shaabani ilipokuwa inakwisha, watu wakiombana radhi kabla ya kufunga, alikwenda kwa shangazi. Aliweka shilingi thelathini na tatu juu ya mkeka, tatu zaidi kwa kila mti.

"Shangazi, nilikudanganya. Bei ilikuwa imepanda."

"Najua," Biasha alisema. "Kondo, mnunuzi mwenzako, alipita asubuhi ile kabla yako. Alitaka kunipa tano kwa mti. Nikamwambia maua haya ni ya mwanangu, nenda kwa wengine."

Mfaume akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya kukuumbua nyumbani kwangu, na mhogo wangu uko mdomoni mwako." Akazisukuma zile fedha zikarudi upande wake. "Radhi nimekupa. Hizi chukua, biashara ile ilikwisha."

Mfaume alirudi nyumbani na fedha zake, mzito kuliko alivyokwenda. Alijiambia msimu ujao atalipa kwa vitendo.

Mikorosho ilipochanua tena alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Biasha. Aliapa kwa Mungu kwamba bei imepanda, ilhali ilikuwa imeshuka, akataka kumpa shilingi sita kwa mti, bei ambayo haikumwachia faida hata ya kahawa ya madereva. Biasha alimsikiliza mpaka mwisho, akampa mhogo, akasema, "Radhi hailipwi, mwanangu," akamwuliza hali ya Swaumu.

Siku ya pili Mfaume alipita njia ile, akaona vitambaa vipya kwenye mashina yote kumi na moja. Havikuwa kaniki yake. Biasha alikuwa amemuuzia Kondo, kwa shilingi nne.