Wafadhili wa Daraja la Tatu

Kwa ujinga wangu, nilimwandika mzee jirani, mfugaji mwenye zizi lililojaa, daraja la tatu kwa sababu ya katambuga zake za tairi. Chuo kikuu kilitafuta wafadhili wa bweni la wasichana, na mtaalamu wao wa mikakati ya biashara alikuja kijijini kwetu Gehandu kutufundisha sisi wanakamati wa uchangishaji kuwapanga watoaji kama wateja: wakubwa watembelewe, wadogo watumiwe meseji. Mimi nisiyependa kutoka nyumbani niliona hiyo ndiyo elimu. Wakubwa wakatupatia soda na ahadi. Mzee akatoa madume wawili wa ng'ombe kwa shule iliyomtembelea. Nikakimbilia kwake na shikamoo iliyochelewa.

“Marahaba. Tunapakana ua, ukaniandikia ‘mteja wetu mpendwa’. Bweni lenu nitalitumia picha ya ng'ombe.”