Doa Jeusi Kitabuni mwa Ticha Wambui

Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha hunifurahisha mpaka leo. Wenzangu hukumbuka utoto kwa harufu ya udi au mkate wa ufuta. Mimi nikipita mlangoni mwa saluni tu, hujiona niko Al Twar, mtaa tuliokulia katika nchi ya Waarabu, katika chumba nilicholala na dada yangu Rahma, kiyoyozi kinanguruma dirishani, nami nina miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti sakafuni mbele ya kitabu kisicho changu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Asili yetu ni Unguja, na Bibi aliyetulea alikilinda Kiswahili chetu kama alivyolinda kabati lake la vyombo. Ukichanganya neno moja tu, huli mpaka uliseme upya.

Kiswahili hicho ndicho kilichoniponza. Mwalimu wetu wa uchoraji, Ticha Wambui, alikuwa Mkenya wa bara, mwenye sauti ya kusikika mpaka uwanjani. Muhula ule alitangaza kwamba picha moja tu ya darasa letu ingetiwa fremu na kutundikwa ukumbini siku ya wazazi. Mada aliiandika ubaoni kwa Kiingereza, neno refu nisilolijua, na kwa kuwa mimi peke yangu darasani nilijua Kiswahili, akaninong'oneza, "Majaribu, Nasra." Kwetu majaribu ni mitihani. Nikachora mtoto analia mbele ya karatasi ya hesabu. Darasa zima lilicheka, nami nikatamani sakafu inimeze, maana fremu ile niliitaka kuliko nguo za Idi. Kwa miaka minne hakuna picha yangu iliyowahi kutoka nje ya darasa.

"Aki, si mtihani!" Ticha Wambui alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Majaribu ni ile kitu inakuita na unajua haufai kuenda. Khalas, beba hii kitabu, Jumamosi uirudishe. Na usiiharibu, ni yangu."

Kilikuwa kitabu kizito cha wachoraji wa Ulaya wa Usimbolisti, watu waliochoka kuchora dunia jinsi inavyoonekana wakaanza kuchora yanayopita moyoni. Kishawishi, yaani hayo majaribu ya Ticha, walikipenda mno. Walikichora kama nyoka, kama tunda, kama mwanamke anayecheka gizani. Haya niliyasoma tu, kwa sababu siku zile vitabu vya namna hiyo vilitufikia vimeshapitiwa na kalamu nene nyeusi ya wakaguzi wa serikali, ikiziba wasichotaka tukione. Katika picha moja mtawa mzee amekaa jangwani, ameng'ang'ania fimbo yake, macho yamemtoka, anatazama kitu. Na hicho kitu ni doa jeusi, kubwa kama kiganja changu. Nilikaa na picha ile Ijumaa nzima. Nilijiambia kwamba nikikiona alichokiona mzee huyu nitajua la kuchora, na fremu itakuwa yangu.

Basi nikaiba chupa ya Rahma ya dawa ya kucha. Nikalowesha pamba, nikaishusha taratibu juu ya doa. Hapo nikainua macho nikajiona kwenye kioo cha kabati. Macho yamenitoka, mdomo wazi, vidole vimeng'ang'ania pamba. Nilikuwa yule yule mzee, tofauti yetu ndevu tu! Nikapiga ukelele wa furaha, na tone moja likadondoka kitabuni. Wino ukayeyuka mahali padogo kama dengu, pakatokea rangi ya waridi.

"Wewe, una nini?" Bibi aliita kutoka jikoni.

"Nimepata, Bibi!"

"Umepata nini?"

Nilikuwa nimeshashika brashi.

Jumamosi, wiki ya shule ilipoanza, nilimpa Ticha Wambui kitabu na picha kwa pamoja, nikamwonyesha lile tone kabla hajaliona mwenyewe. Nilijua angeweza kunifuta kwenye mashindano. Akainamia ukurasa kwa muda mrefu, macho yamemtoka. "Sasa hii ni bega ama ni embe?" akauliza, kisha akajishtukia akaangua kicheko. Halafu akaitazama picha yangu: msichana amepiga magoti, pamba mkononi, mbele yake doa jeusi tupu. Safari hii hakucheka. "Hii ndiyo inaenda ukutani," akasema.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa, na mbele ya picha yangu watu walisongamana. Kila mmoja alitaka kujua chini ya doa kuna nini, na kila mmoja alikisia lake. Baba alisema gari. Mama mmoja alisema hawezi kusema. Bibi, mwenye kisukari, alinyoosha bakora yake na kutangaza kwa sauti, "Halua hiyo!" Nilikuwa nimesimama kando, nimevimba kwa fahari mpaka mbavu zinaniuma.

Sasa mimi mwenyewe ni mchoraji. Mwaka jana niliitafuta kwenye simu picha ya yule mtawa, ikafunguka yote mara moja, haina doa wala kizuizi. Ni bega. Bega zuri, limechorwa vizuri, nikaliangalia kidogo nikaendelea na kazi zangu. Picha yangu bado iko ukutani sebuleni Al Twar, na kila mgeni anayeingia husimama mbele yake, huinama, macho yamemtoka.